Namna ya Kumfungua Mdomo Mtengenezaji wa Kadi za Sauti

Usianze kwa kudai kiendeshi. Wengi walionunua kadi ya sauti, wakaichomeka kwenye kompyuta ya Linux na kukuta kimya, huanzia hapo. Huandika barua yenye alama tatu za mshangao wakiuliza kiendeshi kitatoka lini. Barua humfikia kijana wa huduma kwa wateja, ambaye kazi yake ni kukuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha. Anakujibu kwamba mfumo wako haumo kwenye orodha yao, anakutakia siku njema, na shauri lako limezikwa. Kijana hana kosa. Umemwendea bawabu ukitaka akuuzie nyumba.

Dai karatasi. Kiendeshi ni programu inayoiambia kadi la kufanya, na jumuiya ya programu huria ina watu wa kukiandika, tena wanaoipenda kazi hiyo. Wanachokosa ni maelezo ya chipu: namba gani iandikwe kwenye rejista ipi ili maikrofoni ifunguke, ili kadi ihame kutoka sampuli 44,100 kwa sekunde kwenda 48,000, ili sauti itokee tundu la tatu na si la kwanza. Maelezo hayo yamo kabatini kwa mtengenezaji tangu chipu ilipochorwa, maana bila hayo hata kiendeshi cha Windows kisingeandikwa. Unaomba kitu kilichopo. Hakihitaji kuajiri mtu wala kutenga bajeti. Kinahitaji mtu mmoja mwenye ufunguo wa kabati, na mwongozo huu wote ni wa kumfikia mtu huyo.

Ukiwa Brussels una bahati ambayo mwenzako wa Kigoma au Eldoret hana. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, wahandisi wa programu huria wa dunia nzima wanakuja mjini kwako kwa siku mbili. Mkutano unaitwa FOSDEM, ulianza mwaka 2000, na unafanyika kwenye kampasi ya Solbosch ya Université libre de Bruxelles, huko Ixelles. Hukusanya watu zaidi ya 8,000. Hakuna kiingilio, hakuna kujiandikisha, hakuna beji ya kuvaa shingoni. Ukikaa Matonge, panda basi namba 71 pale Porte de Namur na utashushwa mlangoni. Vaa koti zito, kwa sababu foleni za kuingia kwenye kumbi husimama nje na baridi ya mwezi huo haina adabu.

Sasa sikiliza vizuri. Usimtafute msemaji wa kampuni. Msemaji amefundishwa kutosema. Mtafute mhandisi aliyekuja kwa hiari yake, kwa nauli yake, amevaa fulana iliyochakaa ya mradi fulani. Mtu wa namna hiyo ameacha familia wikiendi nzima ili azungumzie kerneli, kiini cha Linux, kwa hiyo yuko upande wako kabla hujafungua kinywa. Utamkuta kwenye meza za jengo la K, au kwenye korido baada ya mhadhara akijaribu kumaliza kahawa. Mwache aimalize.

Nenda na kadi yenyewe mfukoni. Nenda na ripoti ya alsa-info, ile programu ndogo inayokusanya kila kitu ambacho Linux inakijua kuhusu vifaa vyako vya sauti, umeichapisha au umeiweka kwenye simu. Na kama hujui kuandika msimbo, nenda na mwenzako anayejua. Mhandisi anayeona watu wawili, mmoja ana kifaa na mwingine ana mikono, huona kazi inayowezekana. Halafu muulize swali moja tu: ndani ya kampuni yenu, nani ana ruhusa ya kutoa maelezo ya chipu hii, na anaogopa nini?

Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye uzito. Mtengenezaji hakuchukii, hakujui. Kinachomzuia ni hofu, na hofu zake ni chache, zinajirudia toka kampuni hadi kampuni. Zijue kabla hujafika.

Ya kwanza ni mshindani. Anaamini kwamba akitoa namba za rejista, mpinzani wake atamwiga. Mwambie ukweli: mpinzani mwenye fedha ameshanunua kadi hiyo, ameifungua, ameiweka chini ya hadubini, na alipata alichokitaka mwaka ule ule ilipotoka. Anayefungiwa nje na siri hiyo ni mteja. Ya pili ni msimbo wa watu wengine. Ndani ya kiendeshi cha Windows mara nyingi kuna vipande vilivyokodiwa kutoka kampuni za teknolojia ya sauti, na wanasheria wanajua hawana haki ya kuvitoa. Hofu hii ni ya kweli, iheshimu. Ndiyo sababu nyingine ya kudai karatasi na kuacha msimbo wao walale nao. Ya tatu ni simu za malalamiko: meneja anawaza kwamba siku akitamka neno Linux, atalazimika kuajiri watu wa kujibu maswali ya Linux. Hapa una jibu zuri kuliko yote. Kiendeshi kikishaingia kwenye kerneli hakibaki mzigo wa mtengenezaji peke yake. Kanuni ya wenye kerneli ni kwamba anayebadilisha jambo la ndani lazima arekebishe kila kiendeshi kinacholitumia. Mtu wa Japani au Brazil atakitengeneza kiendeshi hicho hata kama hajawahi kuishika kadi yenyewe. Mtengenezaji anayelipa wahandisi kuandika kiendeshi upya kila Windows inapobadilika anapaswa kulia akisikia habari hii.

Kama bado anashikilia siri, mpe njia ya kati. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kerneli, alitangaza hadharani kwamba kampuni yoyote itakayotoa maelezo ya kifaa chake itaandikiwa kiendeshi cha Linux bure, na kwamba waandishi wako tayari kusaini mkataba wa kutunza siri ili karatasi zenyewe zisitoke nje. Kiendeshi kinatoka huru, karatasi zinabaki kabatini. Watu waliojitolea kuandika walijaa haraka. Ninaipenda hadithi hii kwa sababu inamvua mtengenezaji kisingizio cha mwisho: kazi ni bure na siri inalindwa. Mhandisi mwenyewe aliyetoa ahadi hiyo alisimama FOSDEM mwaka 2010 akawafundisha watu namna ya kuandika na kutuma kiraka chao cha kwanza cha kerneli.

Unadhani ni kampuni ndogo tu zinazohitaji kubembelezwa? Tazama Creative, wenye Sound Blaster, jina ambalo kila mtu aliyewahi kucheza gemu kwenye kompyuta miaka ya tisini analijua. Mwaka 1999 Creative walitoa wenyewe msimbo wa kiendeshi cha Linux cha Sound Blaster Live!, chini ya leseni huria, na kadi hiyo ikawa kipenzi cha watu wa Linux. Mwaka 2005 wakatoa X-Fi, kadi yenye chipu mpya kabisa, na safari hii wakanyamaza. Hakuna karatasi, hakuna kiendeshi. Watu waliokuwa wateja wao waaminifu, walioinunua X-Fi kwa sababu Live! iliwatendea mema, wakabaki na kipande ghali cha plastiki na shaba. Mwaka 2007 ikatoka beta iliyofungwa, ya kompyuta za biti 64 peke yake, na wengi waliijaribu wakaiacha. Novemba 2008 Creative wakakubali yaishe: wakatoa msimbo chini ya leseni ya GPL. Takashi Iwai, msimamizi wa ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, na wenzake wakausafisha, na Septemba 2009 ukatoka pamoja na kerneli 2.6.31. Miaka minne. Kadi ilipoanza kusikika vizuri kwenye Linux, ilikuwa imekaribia kuzeeka madukani.

Chukua mambo mawili hapo. Kampuni haina moyo mmoja wa kudumu. Ina watu, na watu huhama idara, huacha kazi, hupandishwa vyeo. Waliosema ndiyo mwaka 1999 hawakuwafunga waliosema hapana mwaka 2005. Kwa hiyo ukikataliwa, rudi baada ya mwaka mmoja na uulize nani ameketi kwenye kiti kile sasa. Jambo la pili: Creative walipofungua, hawakufilisika kwa kufungua. Hakuna mshindani aliyetokea na X-Fi ya kuigiza. Mweleze hilo meneja wa kampuni polepole, kisha nyamaza umwache afikiri.

Barua nayo ina namna yake. Iandike kwa Kiingereza au Kifaransa, iwe nusu ukurasa, na isomeke hivi: “Ndugu Mhandisi, mimi ni mtumiaji wa kadi yenu namba fulani. Nina mwandishi wa msimbo aliye tayari kuiandikia kiendeshi huria bila malipo. Tunaomba maelezo ya rejista za mikza na ya saa ya kadi. Hatuombi msimbo wenu wala michoro ya saketi. Tuko tayari kusaini mkataba wa kutunza siri. Pia tunaomba ruhusa ya maandishi ya kusambaza ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi inapowashwa.” Basi. Hiyo sentensi ya mwisho watu wengi huisahau na baadaye hujuta. Kadi nyingi haziwezi hata kuamka bila programu hiyo ya ndani, na bila ruhusa ya kuisambaza, kila mtumiaji atalazimika kuichomoa mwenyewe kutoka kwenye diski ya Windows. Ruhusa ya aya moja humwondolea usumbufu huo kila atakayekuja baada yako.

Na kabla ya kuandika barua yoyote, hakikisha shida yako si ndogo kuliko unavyodhani. Kadi na kompyuta nyingi zinazodaiwa “hazikubali Linux” zinakosa mistari michache tu: namba ya utambulisho wa kifaa, au maelezo kwamba spika za ndani zimeunganishwa kwenye pini tofauti na kawaida. Mistari hiyo huongezwa kwenye jedwali la vighairi ndani ya kerneli. Ukimwendea mtengenezaji kwa ombi la namba mbili tu, atakujibu haraka kuliko ukimwomba kitabu.

Asipojibu kabisa? Hapo ndipo Brussels inapokuwa zaidi ya mji wa mikutano ya wahandisi. Sheria iko upande wako zaidi kuliko unavyoambiwa na yale makaratasi marefu ya leseni unayobofya “nakubali” bila kusoma. Tangu mwaka 1991, agizo la Ulaya kuhusu programu za kompyuta, ambalo siku hizi linajulikana kwa namba 2009/24, linampa mwenye haki ya kuitumia programu ruhusa ya kuufumua msimbo wake ili apate taarifa za kuifanya programu nyingine ishirikiane nayo. Lina masharti: taarifa hizo ziwe hazipatikani kirahisi kwa njia nyingine, ufumue sehemu zile tu zinazohitajika, na usizitumie kwa lengo jingine. Lakini agizo lenyewe linatamka kwamba kifungu chochote cha mkataba kinachopinga ruhusa hiyo ni batili. Batili! Mtengenezaji aliyekuandikia “hairuhusiwi kufumua” ameandika kitu ambacho, kwa shughuli hiyo na ndani ya masharti hayo, hakina nguvu. Muone wakili kabla ya kuanza, kwa sababu masharti ni masharti, ila usimwone ukiwa umeinamisha kichwa.

Kuna kesi ya hapa hapa. Kampuni ya Top System iliishtaki serikali ya Ubelgiji kwa sababu Selor, ofisi ya serikali ya kuchagua watumishi, ilifumua sehemu ya programu ya kampuni hiyo ili kuzima kipengele kilichokuwa kikiharibu utendaji wake. Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaiuliza Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 6 Oktoba 2021 jibu likaja: aliyeinunua programu kihalali anaweza kuifumua ili kurekebisha makosa yanayoathiri utendaji wake. Kesi hiyo haikuhusu kadi za sauti. Lakini mtu akikuambia kwamba kuchungulia ndani ya programu uliyoilipia ni wizi, mpe jina la kesi.

Kama unataka kujua nguvu ya mji huu inaweza kufika wapi, kumbuka yaliyoipata Microsoft. Tarehe 24 Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe taarifa za namna seva zake zinavyozungumza na kompyuta nyingine. Mradi huria wa Samba na Wakfu wa Programu Huria wa Ulaya walisimama upande wa Tume mahakamani Luxembourg. Septemba 2007 Microsoft ikashindwa, na Desemba ya mwaka huohuo karatasi zikaifikia Samba kwa ada ya euro 10,000, kwa masharti yaliyoruhusu msimbo utakaotokana nazo uchapishwe wazi. Wale wale waliosema karatasi hizo ni roho ya kampuni walizitoa, na kampuni bado iko hai. Hakuna mtengenezaji wa kadi za sauti mwenye ukubwa wa kuitwa mbele ya Tume kwa kosa kama lile, na sitaki ukamtishe mhandisi wa watu kwa jina la Tume. Ila wakati mwingine bosi anahitaji kusikia kwamba jambo hili limeshafanyika, na dunia haikuisha.

Lipo pengo moja ambalo wakazi wa Brussels wanaweza kulipigia kelele karibu na nyumbani. Agizo la Ulaya la haki ya kutengeneza, namba 2024/1799, lina orodha ya bidhaa: mashine za kufulia, friji, mashine za kuoshea vyombo, simu na nyinginezo. Kadi za sauti hazimo. Kutoka Matonge hadi Place du Luxembourg, penye Bunge la Ulaya, ni mwendo mfupi wa miguu. Mbunge wako ana ofisi, na ofisi ina msaidizi anayesoma barua.

Njia ya mwisho ni pochi, na hii ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote bila mtu kuitangaza. Kuna kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti vya USB, toleo la kwanza la mwaka 1998 na la pili la mwaka 2006. Kadi inayoifuata haihitaji kiendeshi cha peke yake. Kiendeshi kimoja cha jumla kinazitosha zote. Windows ilichelewa mpaka mwaka 2017 kuwa na kiendeshi chake cha toleo la pili, na katika pengo hilo kampuni ziliendelea kuandika viendeshi vyao vya siri. Kilichowageuza ni iPad. Kwa miaka mingi iPad haikumruhusu mtengenezaji kuingiza kiendeshi chake; ulifuata kanuni ya pamoja, au ulimpoteza mwanamuziki mwenye iPad. Wakaifuata. Na Linux, iliyokuwa imeshajifunza kanuni hiyo, ikapata mamia ya kadi bila kuandika barua hata moja. Kwa hiyo ukiingia dukani uliza: inafuata kanuni ya pamoja ya USB? Uliza kwa sauti, muuzaji akusikie, na mteja wa nyuma yako akusikie. Jibu likiwa hapana, rudisha pochi mfukoni na useme kwa nini.

Kanuni hiyo hutoa sauti, lakini haifungui kila kitu. Kadi za Scarlett za Focusrite zilisikika kwenye Linux, ila mikza ya ndani na njia za kuelekeza sauti zilibaki kwenye programu ya Windows na Mac. Mwandishi wa msimbo Geoffrey Bennett alikaa akasikiliza ujumbe unaopita kwenye waya wa USB kati ya programu ile na kadi, akauelewa, na udhibiti wa Scarlett za kizazi cha pili ukaingia kwenye kerneli 5.4 mwaka 2019. Mtu mmoja, kwa subira. Kila nikifikiria saa alizotumia kukisia kitu ambacho karatasi ingekisema kwa dakika kumi, nakasirika, na hasira hiyo naitaka uwe nayo unapoandika barua yako, ila iwe chini ya maneno, isitokeze juu.

Kwa nini kuhangaika kiasi hiki? Kwa sababu kadi ya sauti huishi kuliko kiendeshi chake. Maikrofoni, vikuza sauti na matundu yake hayajui kwamba kampuni imetoa mtindo mpya. Kadi ambayo studio ya Ulaya imeiweka kando kwa sababu mfumo mpya umeikataa inaweza kuishia kwenye meza ya fundi Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na hapo, ikiwa na kiendeshi huria, inarekodi taarabu, injili, bongo fleva na matangazo ya redio ya jamii kwa miaka kumi mingine. Ikikosa kiendeshi ni taka. Zile kadi za FireWire ambazo kampuni nyingi zimeshazisahau bado zinafanya kazi kwenye Linux, kwa sababu mwandishi wa msimbo Takashi Sakamoto amechukua dhamana ya kuuangalia mfumo wa FireWire ndani ya kerneli na ametangaza kuendelea nao hadi mwaka 2029. Kijana wa Bukavu anayenunua kadi ya mtumba leo hatahudhuria FOSDEM. Visa peke yake ingemmaliza. Wewe unayeweza kupanda basi la 71 ndiye wa kumsemea.

Siku mtengenezaji akikubali, usisherehekee ukamsahau. Hakikisha ruhusa ya programu ya ndani imeandikwa na imefika kwenye hazina ya linux-firmware, na kiendeshi kimepelekwa kwa wasimamizi wa ALSA, si kubaki kwenye kurasa za mtu binafsi. Mhandisi aliyefungua kabati alijiweka hatarini. Jina lake, akiridhia, liingie kwenye faili la wasimamizi wa kerneli. Mwandikie bosi wake barua ya shukrani, umtaje mhandisi huyo, umweleze idadi ya watu unaowajua walionunua kadi kwa sababu hiyo, na uwe umenunua ya pili wewe mwenyewe kabla hujaituma. Kisha omba jambo moja zaidi: neno Linux liandikwe kwenye boksi, kando ya Windows na macOS, kwa herufi za ukubwa uleule.